Bei ya tagi juu, kulungu chini: hela ya wawindaji wa Idaho inaenda wapi?

Swali lilikuja refu, nimelifupisha. Msomaji wetu anaandika hivi: "Mtaalamu salamu. Mimi niko Boise, jimbo la Idaho, nilitokea Bukavu nikapitia kambi ya Nyarugusu, huku nilifika 2019. Wenzangu wa kazini ndio walinifundisha kuwinda kulungu na sasa kila Oktoba tunaenda. Shida zangu ni hizi. Kwanza, mwenzangu mmoja mzungu analipa tagi, kile kibali cha kupiga kulungu mmoja, dola 19.75 mimi nalipa 24.75, tagi ile ile, duka lile lile, huu si ubaguzi? Pili, shemeji yangu yuko Salt Lake City alitaka kuja tuwinde wote, akaambiwa zaidi ya dola 500, kwa kulungu mmoja ambaye hata hujui kama utamuona! Tatu, kulungu wenyewe wamepungua, msimu uliopita tulirudi wote mikono mitupu. Wenzangu wanasema hao Fish and Game, idara ya wanyamapori ya jimbo, ni wezi, wanakula hela zetu na wanyama wanawaachia mbwa mwitu (wolf). Ni kweli?"

Kaka karibu. Kwa wasionijua, mimi nilisomea wanyamapori Mweka kule Kilimanjaro, halafu maisha yakanileta huku magharibi ya Marekani na kazi yangu imekuwa hii hii ya kuhesabu kulungu na elki, wale kulungu wakubwa, na kuwafunga kola shingoni. Fish and Game ya Idaho sijawahi kula mshahara wao, kwa hiyo usiwe na wasiwasi sina wa kumtetea hapa.

Nianze na hilo la ubaguzi maana naona ndilo limekukaa rohoni. Si ubaguzi kaka, ni mwaka 2017. Mwaka huo bunge la Idaho lilipandisha ada za wakazi wa jimbo, mara ya mwisho zilikuwa zimepanda 2005, na ili wawindaji wasiwake wakaweka kitu kinaitwa Price Lock, yaani kama ulikuwa na leseni ya mwaka 2017 na ukaendelea kununua kila mwaka bila kuruka hata mmoja, unabaki kulipa bei ya zamani. Mwenzako hajaruka, ndio maana tagi yake ni 19.75, na ukimuangalia vizuri hata leseni yake ya kuwinda analipa 12.75 wakati wewe unalipa 15.75. Mzungu aliyehamia Boise kutoka California mwaka uleule uliofika wewe analipa kama wewe, na mzaliwa wa hapo hapo aliyesahau kununua leseni mwaka mmoja tu naye anapanda bei anakuja kukaa na nyie. Mimi binafsi hiyo Price Lock siipendi, ilikuwa siasa ya kunyamazisha waliopo na kuwabebesha watakaokuja, na watakaokuja hawakuwa na kura siku ile. Lakini rangi haikuhusika.

(Na kama umewahi kujiuliza kwanini bei zao nyingi zinaishia na senti 75, ni kwa sababu ndani ya kila bei kuna dola 1.75 ya kutoa ile karatasi. Basi.)

Sasa tupige hesabu yako wewe mkazi. Leseni 15.75, tagi 24.75, halafu kuna ile dola 5 wanayoikata mara moja kwa mwaka kwenye leseni ya kwanza, inayoenda kwenye kulipa wakulima walioharibiwa mazao na kufungua mashamba ya watu kwa wawindaji. Jumla 45.50. Najua ukijumlisha wewe na mama watoto na kijana wako inafika mahali inauma, ila angalia hivi, tagi ya 19.75 ya mwaka 2005 ukiipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani leo ingekuwa imepita dola 30. Kwa hiyo wewe unayelalamika kwa 24.75 unalipa nafuu kuliko mzee aliyenunua tagi 2005, na mwenzako wa Price Lock ndio kabisa, yule analipa bei ya miaka ishirini iliyopita. Kinachokumaliza mfukoni ni mafuta ya gari, risasi, friza na buti, na hivyo vyote Fish and Game hawauzi.

Hela inaenda wapi. Hapa watu wengi hawajui hata wazaliwa. Fish and Game ya Idaho haipewi hata senti ya kodi ya kawaida ya jimbo, ile kodi unayokatwa kwenye mshahara au unayolipa ukinunua mchele haiendi kwao. Wanaishi kwa leseni na tagi, na kwa hela ya shirikisho ambayo nayo kwa sehemu kubwa inatoka kwa watu wa bunduki: tangu 1937 kuna sheria ya Pittman-Robertson, kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi linalotengenezwa au kuingizwa nchini linakatwa asilimia 11 kiwandani, bastola asilimia 10, na hela hiyo inagawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa jimbo na idadi ya watu wenye leseni. Jimbo likitoa dola 25 shirikisho linaongeza 75. Sasa sikiliza sharti lake: jimbo likichukua hela ya leseni za kuwinda likaipeleka kwenye barabara au shule au kwenye tumbo la mtu, hela ya shirikisho inakatwa. Ndio maana hata mwanasiasa mwenye njaa vipi anaiogopa hiyo hela. Sisemi hakuna ubadhirifu, ofisi yoyote ya serikali ina magari yanayozunguka bila sababu na vikao visivyoisha, ila wizi ule wenzako wanaousema, wa hela kupotelea mfukoni, mfumo wenyewe umeufanya mgumu sana.

Na anayepandisha ada za mkazi siyo Fish and Game. Ni bunge la jimbo pale pale Boise, zimeandikwa kwenye sheria. Fish and Game wenyewe wako chini ya kamisheni ya watu saba wanaoteuliwa na gavana, na hiyo kamisheni waliianzisha wananchi wenyewe kwa kura mwaka 1938, kwa sababu kabla ya hapo kila gavana akiingia alikuwa anafukuza mabwana nyama wa gavana aliyepita na kuweka wa kwake. Kamisheni inapanga misimu na idadi ya tagi, bunge linapanga bei unayolipa wewe. Mkienda kumfokea bwana nyama kwenye kizuizi cha ukaguzi kuhusu bei mnamfokea mtu ambaye hana hata kalamu ya kuibadilisha.

Haya, shemeji.

Mwaka 2021 leseni ya mgeni wa jimbo ilitoka 154.75 ikaenda 185, na tagi ya kulungu ikatoka 301.75 ikaenda 351.75, ukiongeza na ile ada ya mashamba ambayo kwa mgeni ni dola 10 unapata 546.75. Gawanya kwa 45.50 zako. Shemeji mmoja ni sawa na nyinyi kumi na mbili! Unaweza kusema ni uonevu, na kuna waliosema hivyo mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Baldwin mwaka 1978, wawindaji kutoka nje waliishtaki Montana kwa sababu mkazi alikuwa anaweza kupata leseni ya elki kwa dola 9 na mgeni alikuwa hana njia ila kununua fungu la dola 225. Walishindwa. Mahakama ikasema kuwinda elki kwa starehe siyo haki ya msingi ya kila raia wa Marekani, jimbo linaweza kuwapendelea watu wake kwa wanyama wake. Kwa hiyo mlango wa mahakama ulishafungwa zamani.

Lakini kuna kitu wenzako hawakwambii kuhusu bei hiyo ya 2021, labda hawakikumbuki. Ilipandishwa kwa sababu yao. Miaka ya nyuma wakazi wa Idaho walilalamika kweli kweli kwamba milima imejaa magari yenye namba za Washington na California na Utah, ukifika sehemu yako ya babu unakuta mahema matatu, na kamisheni ikasikiliza, ikaweka kikomo cha tagi za wageni kwa kila eneo. Sawa. Ila ukipunguza wageni umepunguza wale wanaolipa mara kumi na mbili, na ofisi haina kodi ya kuziba pengo, sasa itaziba na nini? Ni kama daladala, abiria wamelalamika wanabanwa, konda kapunguza watu, nauli ya waliobaki lazima ipande, na kwa Idaho waliopandishiwa ni abiria wa mbali wasiopiga kura humo jimboni. Shemeji yako analipia nafasi uliyoipata wewe mlimani, ndio ukweli wenyewe, mwambie taratibu mkiwa mmeshakula.

Baada ya hapo zikaja zile vurugu za tarehe 1 Desemba, tagi za wageni zinafunguliwa mtandaoni asubuhi, watu wanakaa kwenye foleni ya kompyuta masaa, wengine wanatolewa kwenye foleni, za kulungu sehemu nzuri zinaisha watu bado wanasubiri. Kuanzia msimu wa 2026 wakaachana na hiyo foleni, mgeni anaomba na kuchezeshwa bahati nasibu. Kabla ya kuomba lazima awe na leseni, na hela ya leseni hairudi hata asipopata tagi, hilo mwambie mapema asije akakununia.

Sasa kulungu. Hapa ndio penyewe, na hapa sikubaliani na wenzako kabisa ingawa hasira yao naielewa.

Idaho mna kulungu wa aina mbili, yule mwenye mkia mweupe, waiteili, ambaye yuko zaidi kaskazini kwenye misitu ya Clearwater na Panhandle, na yule mwenye masikio makubwa, myuli dia, ambaye ndiye mnayemfuata nyie mkitoka Boise. Myuli dia anatawaliwa na winta. Mtoto anazaliwa Juni, mpaka Desemba inafika ana akiba ndogo tu ya mafuta, theluji ikiwa nyingi na ikakaa mpaka Machi au Aprili, au ikayeyuka kidogo juu ikaganda tena ikawa kioo hawezi kuchimba, anaanza kula mwili wake mwenyewe, na mara nyingi anakufa akiwa na tumbo limejaa vijiti visivyo na lishe. Jike mkubwa anavumilia, mtoto havumilii. Kila winta Fish and Game wanawafunga kola watoto takriban 200 sehemu mbalimbali za jimbo wanafuatilia wangapi wanavuka, miaka ya kawaida zaidi ya nusu wanavuka, winta ya 2016 kuingia 2017 walivuka karibu 3 kati ya kila 10. Halafu 2022 kuingia 2023 ikaja nyingine iliyopiga mashariki ya Idaho na majirani wa Wyoming na Utah, kule Wyoming Range kwa majirani watoto waliofungwa kola walikufa karibu wote na majike wakubwa wengi nao wakaenda, jambo ambalo ni nadra mno.

Na hasara ya watoto hamuioni winta hiyo hiyo, mnaiona mbele. Sehemu kubwa ya madume mnayopiga Oktoba yana mwaka mmoja na nusu, ndio yale yenye pembe za ncha mbili mbili. Watoto wakifa Machi, Oktoba hiyo hamna madume wa mwaka mmoja na nusu, na miaka inayofuata hamna yule wa ncha tatu, nyie mnasema Fish and Game wameuza tagi nyingi kumbe lile kundi zima la umri halipo.

Usije ukaniambia basi wapunguze tagi zenu za madume kulungu wataongezeka. Hawaongezeki hivyo. Dume mmoja anapanda majike wengi, na kipimo cha Idaho ni kubakiza angalau madume 15 kwa kila majike 100 baada ya msimu, juu ya hapo kuzuia madume kunakupa madume wakubwa wa kupiga picha, hakukupi watoto zaidi. Idadi inaendeshwa na majike, chakula chao cha mwisho wa kiangazi, na winta. Ndio maana baada ya winta mbaya kitu cha kwanza kukatwa ni tagi za majike, na wazazi wanakasirika kwa sababu nyingi ya hizo ni za watoto wao wanaoanza kuwinda, lakini hapo Fish and Game wako sahihi.

Halafu kuna makazi yenyewe. Wewe uko Boise, hii unaweza kwenda kuiona kwa macho. Wale kulungu unaowafuata Unit 39, moja ya vitalu vinavyovunwa myuli dia wengi zaidi Idaho, kiangazi wako juu milimani, winta maelfu yao wanashuka kwenye vilima vilivyo jirani na mji, ile hifadhi ya Boise River karibu na bwawa la Lucky Peak. Wanachokula pale ni vichaka, sejibrashi na bitabrashi, majani ya kawaida yakiwa chini ya theluji vichaka viko juu. Oktoba 2024 moto wa Valley Fire ulichoma karibu ekari 10,000 hapo hapo. Bitabrashi ikiungua inachukua miaka mingi kurudi, na kinachowahi kuota mahali pake ni chitigrasi, jani la kigeni linalokauka mapema kiangazi na kuwaka tena kirahisi, kwa hiyo moto mmoja unaita mwingine. Mwaka 2015 Soda Fire kule Owyhee ilichoma ekari kama 280,000, unadhani kulungu wa kule walikula nini winta ile? Na pale ambapo moto haujafika, nyumba zimefika. Hivi vilima vya Boise, Eagle na Star vinavyojengwa kila siku, na sisi wahamiaji tumo humo humo kwenye hesabu ya waliojaza bonde, vingine vilikuwa malisho ya winta.

Hela yako kidogo iko hapo. Hifadhi kama hiyo ya Boise River zinatunzwa kwa leseni na hela ya Pittman-Robertson, miche ya vichaka inapandwa na watu wa kujitolea, na ukipita Highway 21 kuelekea Idaho City utaona lile daraja la wanyama juu ya barabara, lilikamilika 2023, la kwanza la aina hiyo jimboni, lilijengwa kwa michango ya ofisi nyingi kwa sababu kulungu wakishuka winta walikuwa wanakanyagwa na magari. Ukiniuliza mimi, dola inayoenda kwenye bitabrashi na daraja inaleta kulungu kuliko dola yoyote nyingine.

Mbwa mwitu nao. Najua hili likitajwa kazini watu wanapandisha sauti. Mbwa mwitu 35 waliletwa Idaho ya kati mwaka 1995 na 1996, ila waliowaleta ni serikali ya shirikisho, bunge la Idaho liliwakataza Fish and Game kushiriki, na usimamizi ukachukuliwa na Nez Perce, kabila la wenyeji wa asili wa huku. Kwa hiyo kuwalaumu Fish and Game kwa kuja kwao ni kumlaumu asiyekuwepo. Na tangu 2021 sheria ya Idaho imewalegezea wawindaji wa mbwa mwitu mpaka kikomo cha tagi kimeondolewa. Zaidi ya hapo mbwa mwitu chakula chake kikubwa huko ni elki. Anayekula myuli dia kwa kazi ni simba wa milimani, na koyoti, mnyama kama mbweha, kwa watoto. Na hilo nalo lilijaribiwa, sio maneno ya mezani: 1997 mpaka 2003 huko kusini mashariki ya Idaho waliwaua koyoti na simba wa milimani kwa makusudi kwenye maeneo fulani wakalinganisha na maeneo waliyowaacha, na pamoja na kwamba watoto waliopona waliongezeka kidogo hapa na pale, kundi kwa ujumla halikukua kwa maana, hali ya hewa ndiyo iliendelea kuamua. Wenzako hawatakuamini. Sio lazima waamini.

Kuna ugonjwa pia, siwezi kuupita. CWD, ule unaokula ubongo wa kulungu taratibu mpaka anakonda na kutembea kama mlevi, uligunduliwa Colorado miaka ya 1960 mwishoni na Idaho waliukuta mara ya kwanza Novemba 2021, madume wawili wa myuli dia eneo la Slate Creek, Unit 14. Hauna dawa, hauna chanjo, kisababishi chake kinakaa kwenye udongo miaka. Hakuna binadamu aliyejulikana kuupata, lakini ushauri wa afya ni kupima na kutokula nyama ya mnyama aliyekutwa nao. Upimaji huo nao unalipwa na nani? Umeshajua.

Sasa wapi wenzako wana haki. Wana haki hapa: ofisi inayokula kwa kuuza tagi, siku kulungu wanapungua ndio siku ambayo inatakiwa iuze tagi chache, yaani ijikate mshahara yenyewe. Mimi sijaona ushahidi kwamba Idaho wanauza tagi kwa njaa, ila mfumo unawaweka kwenye kishawishi hicho kila mwaka, na mwananchi akishuku simlaumu. Tena ofisi hiyo hiyo inatakiwa itunze ndege na vyura na wanyama ambao hawawindwi, wanaopendwa na watu wengi wa mjini wenye darubini na baiskeli ambao hawanunui tagi hata moja, na wanatembea kwenye hifadhi zilezile ulizolipia. Hilo ndilo la kupigia kelele, na nashangaa wawindaji hawalipigii, wengine hata wanaliogopa, wanasema wasiowinda wakianza kuchangia watataka na kuamua. Inawezekana. Lakini huwezi kukataa mwenzako asichangie halafu ulalamike mchango wako ni mkubwa.

Na tagi za mnada. Jirani hapo Utah tagi moja ya myuli dia wa Antelope Island imewahi kuuzwa zaidi ya dola 400,000 mnadani. Hela inaenda kwenye uhifadhi sawa, lakini mtu aliyeomba tagi miaka kumi na tano bila kupata akiona tajiri ananunua kwa siku moja anajisikiaje? Marekani inajisifu kwamba wanyama ni wa wote, sio wa mfalme wala mwenye shamba, na kwa kweli ukilinganisha na kwetu ambako kijiji kinaishi na wanyama na mgeni wa kitalu ndiye anawinda, mwenye dola 45.50 Idaho ana nafasi ambayo watu wetu wengi hawajawahi kuiota. Tagi za mnada zinakula taratibu kwenye ahadi hiyo. Idaho bado wana nafuu kubwa moja ambayo kwa mhamiaji kama wewe ni dhahabu: bahati nasibu yao ya vitalu maalumu haina pointi. Colorado, Wyoming, Utah, Nevada wote wana mfumo wa kulimbikiza pointi, aliyeanza kuomba miaka ya 1990 yuko mbele yako na hutamfikia. Idaho wewe wa 2019 na mzee wa ukoo wa tano mnatupwa kapu moja, nafasi sawa. Wakija kupendekeza pointi, na hupendekeza mara kwa mara, nenda kawapinge.

Unaenda wapi? Misimu ya kulungu na elki inapangwa upya kila baada ya miaka miwili, na jioni ya kuamkia mkutano wa kamisheni huwa kuna kikao cha wananchi, unajiandikisha unaongea dakika zako, hata kama kiingereza chako cha kuokoteza watakusikiliza, mimi nimeona watu wanaongea na mkalimani. Kuhusu bei andika kwa mbunge wako, bunge linaanza Januari. Na ile ripoti ya msimu ijaze kila mwaka, ukiua ndani ya siku 10 na usipoua ndani ya siku 10 baada ya msimu kuisha, nyie mliorudi mikono mitupu kama hamkujaza basi kwenye vitabu vyao hamkuwahi kukosa kulungu. Ukitaka kuwaona kwa karibu kuna vikosi vya kujitolea vya kupanda bitabrashi, mchukue na kijana.

Kuhusu kuona kulungu msimu ujao, sitaki kukudanganya, tarehe 10 Oktoba, siku msimu unapofunguliwa, Unit 39 ni soko. Nenda katikati ya wiki, na tembea mbali na barabara kuliko unavyopenda.

Shemeji ana njia tatu. Alipe aombe hiyo bahati nasibu ya wageni. Au awinde kwao Utah kama mkazi, wewe ndio uwe mgeni wake. Au aje tu bila tagi akusaidie kubeba na kupika, hiyo haina ada, ila asiguse bunduki kukupigia kulungu wako maana Idaho kujaza tagi ya mwenzako ni kosa, na kama atarudi Salt Lake na mguu wa nyama mwandikie karatasi ya kuonyesha umempa wewe, yenye jina lako na namba ya tagi, nyama iwe imetolewa mifupa, kichwa na uti wa mgongo visivuke mpaka kwa sababu ya hiyo CWD. Na asimuuzie mtu hata kilo moja. Najua Tanzania siku hizi kuna bucha za nyamapori zenye leseni, huku kuuza nyama ya kulungu uliyewinda ni kesi, na mabwana nyama wa Idaho kwenye kesi za namna hiyo hawana mzaha.